Mchezo Ulinirudishia Watu

Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya wanaojitolea mitaani: waraghbishi, wasaidizi wa kisheria, wajumbe wa kamati za kupinga ukatili, akina mama wa vikundi, vijana wanaokimbizana na kesi za watu bila mshahara. Najua wapo wanaosoma hapa wakiwa hoi, na wanaona haya kusema. Nami nilifika hapo. Nilichoka kiasi cha kutaka kuacha kila kitu, na kilichoniinua ni mchezo. Nasema mchezo hasa: rede, mdako, kuruka kamba, maigizo, kucheka hadi mbavu ziume.

Naishi Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya kuundwa Manispaa ya Ubungo. Kwenye harakati niliingia kupitia semina za kila Jumatano pale Mabibo, za TGNP, shirika la kutetea usawa wa kijinsia lililoanzishwa mwaka 1993. Huko wanawake wa kawaida tulijifunza uraghbishi: kukaa na watu wa mtaa wako, kuibua nao matatizo yao na kuyatafutia ufumbuzi pamoja. Nilirudi nyumbani nikiwa na ari ya ajabu, na kazi nikaikuta inanisubiri.

Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilivunjwa kupisha upanuzi. Watu walisogea ndani, Makabe, Msakuzi, Mpiji Magohe, na wengine wakaishia kupanga chumba kimoja familia nzima. Mwanamume aliyekuwa na fremu mbili za biashara barabarani akabaki anashinda nyumbani bila shughuli, na ugomvi ukaanza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuwa umeshaonyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Kwetu hao hawakuwa asilimia. Walikuwa wanagonga mlango saa nane za usiku, mtoto mgongoni.

Kisha Februari 2021 kikazinduliwa Kituo cha Mabasi cha Magufuli, na mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakishusha Ubungo yakahamia hapa kwetu. Stendi ilituletea neema: mama lishe, wauza maji, bodaboda, mawakala, wote walipata riziki. Ilituletea pia mabinti wadogo wanaoshuka na kimfuko cha rambo, wameahidiwa kazi za ndani na mtu ambaye simu yake haipatikani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kazi nyepesi anaruhusiwa kuanzia miaka 14. Wengine niliowapokea walikuwa bado hawajafika hata huko.

Kwa hiyo maisha yangu yakawa stendi, ofisi ya mtaa, dawati la jinsia la polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, hospitali na fomu ya polisi ya PF3 mkononi, kisha nyumbani usiku kupika. Nauli yangu, vocha yangu. Ilikuwa ngumu, ila ugumu wa mwili niliuzoea. Kilichonimaliza ni kesi zinazoyeyuka. Unahangaika na mtoto aliyeharibiwa, unapata ushahidi, unashinda mahakamani kwenye benchi, halafu siku ya kusikilizwa unaambiwa familia mbili zimekaa, zimeyamaliza kifamilia, na binti amepelekwa kwa shangazi mkoani. Unarudi na daladala huku kichwa kinagonga. Kesho yake simu inaita tena.

Ikafika mahali mlio wa simu ukiita, tumbo linanikata. Usingizi ukapotea. Kibaya zaidi, nikaacha kuona watu. Kila aliyekuja mbele yangu nilimwona kesi. Nilialikwa kicheni pati ya binti wa jirani, wenzangu wanacheza na kutunza, mimi nimekodoa macho mikononi mwa bibi harusi natafuta alama za vipigo. Mama yangu mzazi alinipigia kunisalimia, nikamkatiza: "Mama, kuna tatizo gani?" Akanyamaza, akasema, "Hakuna tatizo mwanangu, nilitaka tu kukusikia." Nilikata simu nikalia.

Baadaye niligundua kwamba hali ile inajulikana. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu kwenye kliniki ya bure jijini New York, aliandika juu ya wafanyakazi wa kujitolea aliowaona wakiishiwa nguvu mmoja baada ya mwingine, hasa wale waliojitoa kuliko wote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitambua hali hiyo kuwa inatokana na msongo sugu wa kazini, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga moyoni na kazi yako hata kuichukia, na kuona unachofanya hakina tija. Zote tatu nilikuwa nazo. Lakini hayo niliyasoma nikiwa nimeshaanza kupona, na dawa niliipata Makabe, kwenye uwanja wa mchanga.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa amekubali kumhifadhi kwa muda binti aliyeokotwa stendi, wakati ustawi wa jamii wakiwatafuta ndugu zake. Nilikwenda na fomu. Mtoto alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama vidole vya miguu, hajibu neno. Nilimuuliza jina la kijiji, kimya. Jina la aliyemleta, kimya. Yule mama alikuwa anachambua matembele. Akasema bila kuinua macho, "Dada, hebu weka hiyo kalamu. Huyu mtoto tangu afike mjini hajacheza."

Nje watoto walikuwa kwenye rede. Asiyeijua, rede iko hivi: wapigaji wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi uliojazwa matambara, katikati yuko anayekwepa, na miguuni pake kuna chupa tupu. Anatakiwa aijaze mchanga huku mpira unamjia. Ukiguswa umekufa, unatoka. Walikuwa wamepungukiwa. Wakamwita yule binti, akaenda taratibu. Kisha wakanigeukia: "Anti, ingia na wewe!" Nikavua viatu, nikafunga kitenge vizuri, nikaingia.

Binti alipewa mpira. Alinilenga mara moja tu, ukanipata mgongoni paa, na kwa sauti ambayo sikujua anayo akapiga kelele, "Umekufa, anti!" Ilipofika zamu yake katikati ndipo nilipomwona. Alikuwa mwepesi, mbishi, mjanja. Alijaza chupa kwa viganja viwili wakati sheria ni kimoja, walipomshtaki akawabishia wote kwa lafudhi ya kwao, mikono kiunoni, mpaka wakamwachia. Nilicheka nikakaa chini mchangani. Mbele yangu alikuwepo mtoto mwenye tabia zake, na fomu nilikuwa nimeisahau chini ya ndoo.

Siku ile hakueleza chochote. Habari zake alizitoa kidogo kidogo kwa yule mama, jikoni, wiki zilizofuata, na ndugu zake wakapatikana. Mimi nilirudi nyumbani na mchanga kwenye nywele, nikalala hadi asubuhi.

Nilipowasimulia wenzangu, tukakubaliana: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya mchezo. Mmoja anashika zamu ya simu kwa ajili ya dharura, simu za wengine zinaingia kwenye kapu. Ni marufuku kutaja kesi. Hakuna karatasi ya mahudhurio, hakuna posho, hakuna mgeni wa mradi, hakuna picha za ripoti. Tunacheza rede, tunachimba kishimo tunacheza mdako, tunategeana vitendawili, anayeshindwa anatoa mji. Watu wazima wenye wajukuu wanagombania kete za mdako hadi koo zinakauka.

Lilikuwepo swali, na lilikuwa la haki. Mama mkubwa wetu mmoja alisema, "Wanangu, tutachekaje na yule mtoto wa kesi yetu bado yuko wodini?" Hatukumjibu kwa hotuba. Kabla ya hapo wanaoweza kwenda wodini walikuwa wamebaki wawili tu, wengine kila mmoja ana udhuru, kwa kuwa roho zilikuwa zimegoma. Jumapili ile baada ya mchezo tulikwenda wote, na mmoja wetu alikuwa na vijiwe vya mdako kwenye mkoba. Mtoto alicheza kitandani kwa mkono mmoja. Mama mkubwa hakuuliza tena.

Kutoka kwenye mchezo tukafika kwenye maigizo. Alianza mwenzetu kwa kuigiza kikao cha kuyamaliza kifamilia: baba mdogo anayejali bahasha kuliko binti, mjomba anayesema "tusiaibishane", shangazi anayetaka kusema akakohoa tu. Tulicheka kwa uchungu, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekaa kwenye kikao kile. Tukalitengeneza igizo, tukalipeleka uwanjani mtaani. Katikati tunalisimamisha, tunawauliza watazamaji: nani aje achukue nafasi ya shangazi? Mama muuza vitumbua akaingia, akasema yale ambayo shangazi huyameza, na uwanja mzima ukashangilia. Igizo la pili lilihusu binti anayeshuka stendi. Kijana wa bodaboda akaingia, akakataa kumpeleka kwa wakala, akamfikisha ofisi ya mtaa. Baadhi ya vijana waliocheza nasi ndio leo wanaotupigia simu wakimwona mtoto anazubaa getini na kimfuko chake.

Njia hii hatukuibuni sisi. Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipeleka vijijini tangu miaka ya 1980, Malya kule Mwanza, na Msoga kule Pwani. Wanakijiji walijadili shida zao kwa ngoma na maigizo yao wenyewe. Mwaka 1996 mbinu hiyo ikazaa TUSEME, programu ambayo wasichana wa sekondari walitumia sanaa kueleza yanayowakwamisha shuleni, na baadaye ikavuka mipaka ya nchi.

Tena tuwakumbuke waliotutangulia. Mwaka 1955, TANU ikiwa bado changa, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam kwenye chama, aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Wanawake wale walikuwa tayari wanafahamiana, wanachangiana kwenye arusi na misiba, wanacheza pamoja. Kwa miezi michache maelfu walikata kadi. Naamini kilichowawezesha kuvumilia mikutano, vitisho na maneno ya mtaani ni kwamba walikuwa na mahali pa kuimba pamoja. Kizazi chetu kimerithi mapambano, ngoma tukaiacha nje ya mlango wa semina. Tulipochoka, hapakuwa na kitu cha kutushika.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Mchezo haulipi nauli ya mtu anayejitolea, na hauwezi kuchukua nafasi ya mshauri nasaha kwa aliyeumia sana. Sisi tuligawana zamu za usiku, tukawafundisha majirani kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, ili kila kitu kisipite kwenye simu ya mtu mmoja. Kesi bado zinayeyuka, na bado naumia. Ila sasa nikienda kwenye sherehe nacheza, mama akipiga simu tunaongea mpaka salio lake linaisha, na binti akiletwa kwangu namuuliza kwanza kwao wanacheza mchezo gani.

Wazee husema kazi na dawa. Nawaomba viongozi wa vikundi na mashirika: mnapopanga mpango kazi wa mwaka, siku ya mchezo iwekeni mapema, ipewe ulinzi ule ule mnaoupa mkutano wa wafadhili. Na wewe uliyechoka, usingoje upone ndipo ucheze. Watafute wenzako wanne, mtafute uwanja, mshone mpira wa soksi. Mtoto wa kuwafundisheni sheria hakosekani mtaani, na watu unaowapigania wanakuhitaji ukiwa mzima.