Leaf au IST?

Wadau, mwenzenu nimekonda kwa mahesabu. Mtoto wa pili anakuja mwezi ujao, mama watoto kasema bodaboda sasa basi. Mkopo wa SACCOS umeshatoka.

Moyo wangu ulikuwa kwa Nissan Leaf moja ya 2013 pale Kinondoni. Haina petroli, haina oili ya injini, bei chee. Nikajiona mjanja! Fundi akaniambia niiwashe, nihesabu vimistari vya afya ya betri pembeni ya geji. Betri nzima huonyesha 12. Nikakuta 7.

Kumbe betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na joto ndilo linaloila. Joto la Dar mnalijua. Ilitoka kiwandani ikibeba uniti 24, hizi hizi za LUKU. Sasa imebaki nusu na ushei. Mjini ningezunguka, lakini Chalinze kwa mama ni kilomita mia na kitu. Na usiku wa uchungu nikikuta haijachajiwa, umeme umekatika?

Jumamosi nailipia IST ya jirani, namba C. Mama watoto kaikalia nyuma na tumbo lake, akafunga mlango, akanyoosha miguu. Hakusema neno.