Pua ya Mama Mkwe

Msomaji, kama una pesa za karo mfukoni na ndoto ya kukuza uyoga kichwani, nisikilize kwanza kabla hujazitoa.

Miaka mitatu iliyopita nilichukua shilingi 18,000 tulizowekea karo ya kifungua mimba wetu. Nilimwahidi mke wangu kwamba zingerudi zimezaa kabla ya muhula kufunguliwa. Nilikuwa nimeona bei ya uyoga mweupe, ule wa mviringo kama kifungo cha koti, katika supamaketi mjini, nikapiga hesabu ndani ya matatu na kuziamini. Mama mkwe, anayeishi Limuru penye baridi, alinipa kibanda cha ng'ombe kilichokuwa kitupu.

Uyoga huu chakula chake ni mboji. Nililowesha majani makavu ya ngano, nikayachanganya na mbolea ya kuku na jasi, nikafanya lundo lililonifika kifuani. Katikati ya lundo kama hilo joto hupanda hadi nyuzi 70. Hugeuzwa kila baada ya siku mbili au tatu, kwa wiki mbili hadi tatu, ili ya nje yaingie ndani. Kisha mboji hufukizwa kwa mvuke wa nyuzi 60 hivi ili wadudu wafe, halafu huachwa kwenye nyuzi 45 hadi 50 mpaka amonia yote iishe.

Mimi niligeuza mara mbili tu. Siku ya tisa nikafukiza usiku mmoja, mboji ikapoa, nikaleta mbegu. Mama mkwe alichungulia mlangoni, akaziba pua.

"Mwanangu, hii bado inawasha macho."

"Mama, mbolea ni mbolea," nikamjibu.

Wiki mbili zilipita bila hata uzi mmoja mweupe kutambaa. Amonia ilikuwa imeua mbegu zote. Karo ililipwa kwa mkopo wa chama cha mke wangu. Hakunigombeza, aliniambia tu tarehe ya kuurudisha.

Mara ya pili nilifuata siku, si tamaa. Mboji iliyoiva ni ya kahawia iliyokolea, haiwashi pua, na ukiikamua kiganjani huacha unyevu bila kutiririsha maji. Tulipanda, na baada ya wiki mbili nyuzi nyeupe zilikuwa zimeienea.

Hapo nilidhani kazi imekwisha, kumbe nyuzi hizo hazizai vizuri mpaka zifunikwe. Tulichanganya udongo mweusi na chokaa, tukaupitisha kwenye mvuke, tukautandaza unene wa sentimita 4. Udongo huo hauulishi uyoga. Kazi yake ni kutunza unyevu. Unyunyizie maji kidogo kidogo, kwani yakizama hadi kwenye mboji yataiozesha. Nyuzi zilipochungulia juu, tuliingiza hewa safi na kushusha joto hadi nyuzi 18. Wiki ya tatu tangu kufunika, mke wangu aliniita. Vichwa vidogo kama vya pini vilikuwa vimejaa.

Mavuno ya kwanza hayakujaza beseni, wala hayakumaliza deni la chama, yalilipa nusu. Nusu nyingine ilingoja awamu iliyofuata.

Siku hizi sipandi mbegu kabla mama mkwe hajaja kunusa. Akikunja uso, narudi kwenye lundo bila kubishana.