Sabuni ikiharibika, nani alaumiwe?

MUSIENENE – Katika viwanda vidogo vya Butembo, Beni na Musienene, kitu kikiharibika swali la kwanza huwa moja: ni nani amefanya hivi? Ni mara chache kuuliza: kimetokea nini? Tofauti ya maswali haya mawili si ndogo. La kwanza linaweza kumfukuza mtu kazi asubuhi hiyo hiyo. La pili linaweza kuokoa mafuta, pesa na mtu mwenyewe.

Jambo hili limekuwa zito zaidi sasa. Tangu Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kaskazini, zikapokelewa kwa ndugu na kwa watu wasiowajua, kuanzia Lubero hadi Butembo. Wengine wamekimbia mashambulizi ya ADF upande wa Beni na Bapere. Mkimbizi wa ndani anayepata kibarua cha siku ndiye mgeni kazini. Na mgeni ndiye wa kwanza kuonyeshwa kidole.

Chukueni mfano wa sabuni ya mawese, kazi inayojulikana sana hapa. Kilo 100 za mawese zinahitaji karibu kilo 14 za soda kostiki ili mafuta yote yageuke kuwa sabuni. Soda ikizidi, sabuni inachoma ngozi. Ikipunguka, sabuni inabaki laini, inateleza mafuta mkononi, na baada ya muda inanuka. Mpishi anapima kilo 14 zake vizuri, mizani ni nzima, lakini sabuni inatoka laini. Chefu anasema: huyu mpya ameiba soda.

Lakini soda kostiki ina tabia yake. Mfuko ukiachwa wazi, inavuta maji kutoka hewani na nguvu yake inapungua. Baada ya wiki mbili za mvua, kilo 14 kwenye mizani si tena kilo 14 za soda. Sehemu yake ni maji. Mpishi hakuiba kitu. Ila bila maandishi, hana la kujitetea isipokuwa kiapo.

Hapo ndipo programu za viwanda zinasaidia. Zipo kadhaa. Odoo ilianzia Ubelgiji mwaka 2005, na inayo toleo la bure. ERPNext imetoka India, nayo ni ya bure. Zote mbili zinatumika kwa Kifaransa. Ndani yake mwenye kiwanda anaandika kwanza mapishi: mafuta kiasi gani, soda kiasi gani, maji kiasi gani. Kisha kila pishi linapata namba yake, yaani loti. Kila bidoni la mawese na kila mfuko wa soda pia unapata namba, tarehe ya kuingia na tarehe ya kufunguliwa. Sabuni ikilalamikiwa sokoni, mtu anatafuta namba ya pishi, na programu inamwonyesha mfuko uliotumika. Akiona mapishi matatu mabaya yote yametoka kwenye mfuko mmoja, na wapishi walikuwa watatu tofauti, kesi imekwisha. Mwenye kosa ni mfuko.

Lakini kazi haiishii hapo. Taiichi Ohno, aliyejenga utaratibu wa kazi wa Toyota huko Japani, alifundisha kuuliza "kwa nini" mara tano. Kwa nini sabuni ni laini? Soda imekosa nguvu. Kwa nini? Mfuko ulikaa wazi siku nyingi. Kwa nini? Kazi ilisimama. Kwa nini ilisimama? Mawese hayakufika. Kwa nini? Magari yaliogopa barabara baada ya shambulizi. Kumbe vita vimeingia hadi ndani ya pipa la sabuni, na hakuna aliyeviona vikipita mlangoni.

Mwenye kiwanda hawezi kuleta amani barabarani. Lakini anaweza kuhamisha soda kwenye ndoo zenye kifuniko kinachobana, kununua mifuko midogo, kumaliza uliofunguliwa kabla ya kufungua mwingine, na kuweka mawese ya akiba ya siku chache. Hayo yote yanatoka kwenye maandishi, hayatoki kwenye hasira.

Wengine watasema: umeme unakatika, mazuti ya groupe ni bei kali, intaneti inapotea. Ni kweli. Ndiyo maana daftari lisitupwe. Mpishi aandike kwa kalamu pale pale penye pipa: saa, kilo, namba ya mfuko, jina. Jioni, umeme ukipatikana, mtu mmoja aingize yote kwenye ordinateri. ERPNext inaweza hata kukaa ndani ya mashini moja ya kiwanda, bila kungoja intaneti. Kiwanda ambacho hakiandiki kwenye daftari, programu haitakisaidia.

Kuna hatari nyingine. Programu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kuwa fimbo: nani alichelewa, nani alipoteza kilo mbili, nani afukuzwe. Wafanyakazi wakiona hivyo, wataandika uongo. Kila pishi litakuwa zuri kwenye ordinateri na baya sokoni. Mwaka 1924 ilikamilika mashini ya Toyoda ya kufuma nguo iliyojisimamisha yenyewe uzi ukikatika. Baadaye, katika viwanda vya magari vya Toyota, mfanyakazi wa chini kabisa alipewa kamba ya kuvuta akiona kasoro, hata kazi yote isimame. Maana yake ni kwamba anayesema "hapa kuna shida" amefanya kazi yake.

Kwa hiyo chefu anayeanza kuandika loti zake awaambie watu wake mapema: anayeripoti kosa hatakatwa mshahara. Na kibarua, awe mzaliwa wa Musienene au amefika jana na godoro kichwani, aombe jambo moja tu: namba ya mfuko aliopewa iandikwe mbele yake kabla ya kuwasha moto. Ni mstari mmoja wa kalamu. Siku sabuni itakapoharibika, mstari huo utasema kwa niaba yake.