Granada Tutalala kwa Nani?

Safari ya Andalusia hupangwa kinyumenyume. Huanzi na ndege wala hoteli. Unaanza na tiketi ya Alhambra, ukishaipata ndipo unarudi nyuma kutafuta mengine. Ndani ya ngome ile ya Granada kuna majumba ya masultani wa ukoo wa Nasri, na humo watu huingizwa kwa zamu za nusu saa. Tiketi ina jina lako, mlangoni unaonyesha pasipoti au kitambulisho ulichonunulia, na saa ya kuingia imeandikwa. Zamu yako ikipita, imepita. Kuanzia Aprili hadi Oktoba tiketi huweza kuisha wiki kadhaa kabla, ndiyo maana utawakuta watu waliokwisha kulipa ndege, hoteli na treni wakizunguka nje ya kuta wakipiga picha.

Ndugu na marafiki tunaoishi nao huku Ujerumani huniuliza habari za safari hii kila likizo za shule zinapokaribia, na karibu wote huja na orodha ileile: siku tano, miji sita. Sevilla, Córdoba, Granada, Málaga, Ronda, Cádiz, na anayejiona bado ana nguvu anaongeza kuvuka bahari hadi Tangier. Punguzeni, jamani. Miji mitatu ya mwanzo inatosha. Treni ya kasi kutoka Sevilla hadi Córdoba ni kama dakika 45, Córdoba hadi Granada ni saa moja na nusu hivi, na basi la Granada kurudi Sevilla ni saa tatu. Kwa maneno haya inaonekana rahisi, lakini kila unapohama mji nusu ya siku imeliwa: kufunga mabegi, kuacha chumba, kufika kule na kuambiwa chumba kitakuwa tayari saa tisa alasiri. Tena treni za kasi za Hispania zina utaratibu wake. Mabegi hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na mlango wa kupandia hufungwa dakika mbili kabla ya kuondoka. Hakuna kondakta wa kumpungia mkono akusubiri.

Mpango wangu ni kulala Sevilla mara mbili, Córdoba mara moja, Granada mara mbili. Wengi hubishana nami juu ya Córdoba, wakisema ni mji wa kupita tu mchana. Na kweli ndivyo watalii wengi wanavyofanya, na ndiyo sababu ya kulala pale. Jioni mabasi yakishaondoka, vichochoro vyote ni vyako, na asubuhi mapema unauingia msikiti wa zamani kabla makundi hayajafika.

Naita msikiti, ingawa tangu mwaka 1236, Wakristo walipouteka mji, jengo ni kanisa. Abd al-Rahman wa Kwanza ndiye aliyeanza kulijenga mwaka 785, na waliomfuata wakaliongeza mara baada ya mara. Nguzo zake ni 856, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, ndiyo maana hazilingani rangi. Unatembea chini ya matao ya mistari myekundu na myeupe mpaka unasahau ulikotokea, kisha ghafla paa linapaa juu, na uko katikati ya kanisa kuu lililochomekwa humohumo ndani katika karne ya 16. Mihrabu ipo bado, imezungushiwa kizuizi cha chuma, na nakshi zake za dhahabu zinametameta. Ila kuswali humo Mwislamu haruhusiwi. Usipange adhuhuri yako ikukutie ndani ukitafuta kona, walinzi wapo.

Nililazimika kuyafikiria haya yote kwa makini alipokuja mama mdogo kutoka Tanga. Viza ya Schengen ina tabia ya kukudai mpango kabla hujapanga. Mtu hajaona hata ramani ya Hispania, tayari anatakiwa aonyeshe atalala wapi, ataingia lini, atatoka lini, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Kwa kuwa siku nyingi zaidi angekaa kwangu, maombi yalipelekwa Ujerumani. Sheria inataka uombe kwenye nchi utakayokaa zaidi. Basi nikaandaa ratiba, nikampigia simu nikamsomea mji kwa mji. Akasikiliza hadi mwisho.

“Na Granada tutalala kwa nani?”

“Hotelini, mama.”

“Mji mzima huo, hamna hata mtu mmoja mnayejuana naye?”

Nilicheka, lakini swali lile lilikuwa la msingi kuliko yote yaliyoulizwa na ubalozi. Mama mdogo ni mpangaji mzuri wa safari, nimemwona kazini. Tulipokwenda Kilwa Kisiwani, yeye ndiye aliyepanga kila kitu, na sikumwona akishika kalamu. Alimpigia shoga yake wa Mbagala, ambaye binamu yake ameolewa Kilwa Masoko, ambaye shemeji yake anafundisha shule pale. Ndani ya jioni moja tulikuwa na gesti, tulikuwa na mtu wa kutupokea Nangurukuru tukishuka kwenye basi la kutoka Mbagala Rangi Tatu, na nahodha alishaambiwa kwamba kuna wageni na mmoja wao magoti yanamsumbua. Kiingilio cha magofu tulilipa ofisini siku ileile tuliyovuka, tukapewa mwongozaji, basi. Hakuna aliyetutajia zamu ya saa ngapi.

Ukiwa Ulaya ni rahisi kusema watu wa kwetu hawapangi. Wanapanga sana, ila kitu wanachokipanga ni watu. Saa hujipanga zenyewe baadaye, na zikikataa, mwenyeji ndiye anayejua la kufanya. Na mtindo huo ni wa zamani mno. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu katika safari iliyomleta hadi Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliona vijana wa mji wakizifuata meli kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara sahani ile na kusema huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hashuki kwenda pengine isipokuwa nyumbani kwa mwenyeji wake, na ndiye atakayemuuzia na kumnunulia. Hoteli, dalali na bima, vyote kwa sahani moja.

Ibn Battuta huyohuyo alifika Granada karibu na mwaka 1350. Humo alikutana na Ibn Juzayy, ambaye baadaye kule Fez ndiye aliyeziandika simulizi zake. Kwa hiyo Kilwa na Granada zimo ndani ya kitabu kimoja, zimesimuliwa na mdomo mmoja, tena kila moja ikiwa kwenye neema yake. Karne hiyo ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alikuwa na kasri lake la Husuni Kubwa juu ya bahari, lenye bwawa la pembe nane, na masultani wa Nasri nao walikuwa wakiyajenga majumba yale tunayogombania zamu ya kuyaona. Leo Alhambra ina foleni, Husuni Kubwa tulikuwa peke yetu na mbuzi. Zote mbili ni urithi wa dunia kwa UNESCO, na Kilwa iliandikishwa kabla, mwaka 1981, Alhambra ikafuata 1984.

Bei ya njia hizi mbili ndiyo watu hawaisemi. Granada tulilipa kwa kadi, na tulipoondoka hatukudaiwa na mtu. Kilwa gharama ya gesti na mashua ilikuwa ndogo, lakini tulikwenda na mchele, sukari na kanga za shemeji, na tangu siku hiyo mama mdogo ana deni. Mtoto wa yule mwalimu akipata nafasi ya chuo Tanga, anajulikana atafikia wapi. Mama mdogo haoni kuwa ni gharama. Kwake ndiyo faida ya safari. Mimi niliyezoea huku, nakiri kuna siku napenda kulipa na kuondoka bila kuulizwa lini nitaolewa.

Tena mpaka kati ya njia hizi mbili unafutika. Anayepanda treni ya SGR Nairobi kwenda Mombasa anabuku kwa simu, anatoa namba ya kitambulisho, na mabegi yake yanakaguliwa kituoni. Ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, nayo haina habari na wapiga debe. Mama mdogo ameshaipanda, ndiyo maana tiketi ya Alhambra haikumshangaza. Kilichomsumbua ni saa. Imeandikwa 10:30, na mimi kwenye karatasi yake nikaandika saa nne na nusu asubuhi kwa herufi kubwa. Ukisafiri na wazazi fanya hivyohivyo, usitegemee simu.

Kukosa mwenyeji kunabadilisha mpango kwa namna ambayo vitabu vya watalii havisemi. Córdoba na Sevilla mwezi Julai na Agosti joto huzidi digrii 40, na kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja hivi maduka mengi madogo hufungwa. Wenyeji wako majumbani mwao, madirisha yamefungwa, wamelala. Kwetu saa hizo ungejinyoosha kwenye mkeka wa mtu. Kule usipokuwa na kitanda karibu unabaki barabarani. Kwa hiyo hoteli nilichagua za katikati ya mji, ndogo na ghali kidogo, nikaacha zile nzuri za pembezoni zenye bwawa la kuogelea. Chakula cha usiku huliwa saa tatu, majiko mengi hayafunguliwi kabla ya saa mbili. Mtu aliyezoea kula baada ya magharibi abebe mkate na matunda. Granada vichochoro vya Calderería vina migahawa ya Wamoroko, huko hatukuhangaika na halali. Na juu Albaicín, kando ya uwanja wa San Nicolás, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake inatazamana na Alhambra upande wa pili wa bonde. Hapo ndipo mama mdogo aliposwali alasiri yake.

Sevilla alipanda mnara wa Giralda, na magoti yake. Uliokuwa mnara wa msikiti, uliomalizika mwaka 1198, ndani hauna ngazi isipokuwa chache za mwisho. Ni njia ya kupanda taratibu, miinuko 35, ili muadhini aweze kupanda akiwa juu ya mnyama. Niliiweka kwenye ratiba kwa ajili yake, na ilikuwa nafuu kuliko mawe ya Kilwa.

Ndani ya majumba ya Nasri, ukishaingia kwa zamu yako hakuna anayekutoa. Hili halisemwi vya kutosha, na watu hukimbia bure. Sisi tulikaa. Watalii waliokuwa karibu nasi waliona mapambo ukutani. Mama mdogo, aliyesoma chuo cha Kurani tangu utotoni, aliona maandishi. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata hewani: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akapata tena kwenye ukuta wa pili, na wa tatu. “Wameandika kila mahali,” akasema, “na bado walishindwa.” Januari 2, 1492 ndipo sultani wao wa mwisho alipoukabidhi mji kwa wafalme wa Kikristo, Isabel na Fernando.

Sasa anataka turudi Kilwa, safari hii na kisiwa cha Songo Mnara. Nimemwomba nipange mimi upande mmoja: basi na gesti, kwa pesa, risiti mkononi. Mashua nimemwachia yeye, maana bei ya mashua tuliyopewa ile mara ya kwanza ilitokana na shemeji kusimama pale ufukweni akiongea na nahodha, na sijui mgeni asiye na shemeji angelipa ngapi. Bei ile ingebandikwa ukutani, ningemuuliza nahodha badala ya ukoo.