Mavumbi Yetu Yametoka Mbali

Kila Jumatano ya Majivu tunakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Ni vema tuulize: mavumbi ya wapi?

Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa na haidrojeni na heliamu, na karibu hakuna kingine. Kwa hivyo viwili huwezi kupata mfupa wala damu. Kaboni, oksijeni, kalisi ya mifupa na chuma cha damu vilipikwa ndani ya nyota au katika milipuko ya kufa kwake, vikatawanyika angani kabla Jua letu halijawaka, miaka kama bilioni 4.6 iliyopita.

Kaboni ndiyo ngumu zaidi. Viini vitatu vya heliamu lazima viungane, lakini viwili vikiungana huachana karibu papo hapo. Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle, ambaye hakuwa mtu wa dini, alidai kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati; bila hicho, kaboni ingekuwa haba mno. Wanafizikia wa California wakapima, wakakikuta.

Darasani tulibishana. Baadhi yetu waliona hapo uthibitisho wa Mungu, tayari kwa mahubiri. Wengi wetu tulisita. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulitokana na chembe moja ya mwanzo, hakutaka nadharia yake igeuzwe kuwa hoja ya dini. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alishaonyesha kwamba hata ulimwengu usiokuwa na mwanzo ungehitaji Muumba, maana kuumba ni kuvipa vitu kuwapo. Ukimweka Mungu penye pengo la sayansi, utafanya nini pengo likizibwa?

Ubishi huo haukuwa wa darasani tu. Katika jumuiya tunayoitembelea, mama mmoja aliyemzika mjukuu wake alituuliza: "Mafrateri, kwa hiyo yule mtoto ni mavumbi tu?" Hatukumpa hoja. Tulimweleza kwamba chuma cha damu ya mtoto yule kilitengenezwa na nyota, na kwamba Mungu hakumpenda kwa ajili ya chuma hicho.

Akauliza ni nyota ipi. Tukamwambia ni nyingi, na zilishakufa zamani sana. Akanyamaza kidogo, kisha akatuomba tusali naye rozari.