Divai nyekundu ya drai haiongezi damu

Kakese ni kata ya mpunga. Wakati wa masika majaruba hujaa maji na akina mama hupandikiza miche huku miguu ikiwa matopeni. Mvua ikikatika, pikipiki hubeba magunia kuelekea Mpanda mjini. Pesa ya mavuno ikishaingia, sherehe nazo huanza. Kuna ndoa, kuna komunio, na juu ya meza ya wazazi hukosi kuiona chupa ya divai nyekundu.

Divai inayojulikana zaidi huku ni ya Dodoma, mkoa ambao mizabibu yake ilianzia mikononi mwa wamisionari. Kutoka huko hadi Katavi ni safari ndefu: Tabora, kisha Kaliua, halafu ile reli ya kilomita 210 iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda.

Pamoja na chupa husafiri imani kwamba divai nyekundu inaongeza damu. Mjamzito akilalamika kizunguzungu, shangazi atamshauri anywe kidogo kidogo, tena achague ile ya drai, isiyo na utamu, kwa kuwa "haina sukari".

Sukari hiyo ilikwenda wapi? Jibu zuri liko bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo la mizabibu lililowekewa mipaka mwaka 1756. Sifa yake ilitokana na divai tamu iitwayo Port. Zabibu zikiwa bado zinachacha, humiminiwa pombe kali ya zabibu. Hamira hufa, sukari hubaki, na kilevi hufika karibu asilimia 20. Mwaka 1952 Fernando Nicolau de Almeida wa kampuni ya Ferreira alitengeneza Barca Velha, divai nyekundu ya drai kutoka bonde hilohilo. Katika divai ya drai hakuna anayeikatiza hamira. Inakula sukari karibu yote na kuigeuza kilevi, asilimia 13 au 14 hivi. Kwa hiyo shangazi yuko sahihi kwamba sukari haimo. Imeshakuwa pombe.

Na damu je? Glasi moja ya divai nyekundu haifikishi hata miligramu 1 ya madini ya chuma, wakati mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Isitoshe, ule ukakasi unaokausha ulimi huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi hufanya hivyohivyo, ndiyo maana ni vizuri kuiacha ipite saa moja baada ya mlo. Kilevi nacho huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Kwa anayenyonyesha, huingia kwenye maziwa.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwenye kata ya mpunga visababishi viko jirani: maji yaliyotuama huzalisha mbu wa malaria, na matope yenye kinyesi huwapa minyoo njia ya kupenya miguu isiyo na viatu. Chandarua na choo, hata kule shambani, vinahusika na damu kuliko chupa yoyote.

Chakula kipo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, maharage, matembele yaliyokamuliwa limau, maini siku pesa ikiruhusu. Lakini kwa mjamzito chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya kumeza kila siku. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, na wapo wanaoviacha kimyakimya wakidhani vimewadhuru. Weusi huo ni kawaida, na huisha dozi ikiisha.