Nyumba Yenye Mlingoti

Nilipokanyaga sitaha pale Kilifi, neno la kwanza la nahodha lilikuwa nitoe sarafu zote mfukoni. Chombo chake cha mita 12 kimeundwa kwa aluminiamu, na sarafu yenye shaba ikidondokea ngamani, ikalowana maji ya chumvi, huutafuna ubavu pole pole mpaka patoke tundu. Mimi ni mtoto wa Tanga, mjomba wangu ni fundi wa majahazi, na adui wa chombo niliyemjua ni mdudu anayetoboa mbao. Kumbe hata sarafu!

Wenyewe ni Wafaransa, mume na mke, na hawana nyumba nyingine. Chini ya sitaha mna vitanda, meza, vitabu vilivyozuiwa kwa kamba, na jiko la gesi lililoning'inizwa kama susu: chombo kikilala upande, jiko hubaki limesimama sawa na sufuria ya wali haimwagiki. Nililitazama muda mrefu, wala sikulichoka.

Tuling'oa nanga alasiri, maji yakitoka, kaskazi ikitusukuma kwa nyuma. Tanga likatwekwa, demani ikafungwa, na shughuli ya tanga ikaishia hapo. Iliyobaki ni kazi ya nyumbani, nayo haina mwisho. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari, kisha husuuzwa kwa kikombe kimoja tu cha maji matamu. Tangi lina lita 400, na mama mwenye nyumba huandika daftarini kila kinachotumika. Mashine ya kuondoa chumvi ipo, ila inakula umeme mwingi, kwa hiyo huwashwa adhuhuri, jua likiwa limepiga paneli sawasawa. Chooni nilifundishwa kama mwanafunzi: fungua valvu, piga pampu kwa mkono, funga valvu. Choo kiko chini ya usawa wa bahari, na valvu ikisahauliwa wazi, bahari yenyewe inaweza kupanda humo. Kwetu kopo moja la maji latosha!

Usiku tulipokezana zamu za masaa matatu. Taa za Mombasa zilipita upande wa kulia, na meli kubwa zilizotia nanga zikingoja bandari. Kusini zaidi zikaonekana karabai za wavuvi. Kioo cha nahodha hakikuwaonyesha, maana ngalawa hazina mtambo wa kujitangaza. Nikamwambia penye karabai huenda pana nyavu, tupite mbali upande wa bahari kuu. Akageuza usukani bila kuuliza, nami nikafurahi kupita kiasi.

Shimoni tuligongewa mihuri ya kutoka Kenya. Asubuhi nzima nahodha aliitumia kukagua waya za mlingoti kwa vidole, moja moja, akitafuta uzi uliokatika.

Tanga tulifika wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali. Mkuku wa chombo hiki huinuliwa juu, kwa hiyo kilikaa mchangani wima, tumbo wazi, limejaa mwani na makome. Rangi ya kawaida ya kuyazuia, yenye shaba, haifai kwenye aluminiamu, ndiyo maana kusugua hakukomi. Karibu na usukani nahodha alifungua kipande cha zinki kilichomomonyoka na kutoboka hata hakikujulikana umbo lake, akafunga kipya.

Mzee mmoja fundi, aliyekuwa akipiga kalafati jahazi la jirani, alikiokota kile cha zamani.

"Hiki kimeliwa na nini?"

"Na bahari, babu. Kimewekwa kiliwe chenyewe, ubavu usiguswe."

Akakipima mkononi. "Basi huyu kaweka chambo," akasema, akamwita mwanawe aje aone. Sisi tulikuwa tumemaliza kusugua upande mmoja tu na maji yalishaanza kujaa. Mzee akakunja suruali, akaomba brashi, na sote tukahamia upande wa pili.